Nyumba za kupangisha Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwenye vyumba viwili hadi kumi hivi, awe Shela, Majengo, Barani, Maweni au Muyeye, na ya anayetafuta kununua nyumba yake ya kwanza. Mwenye ghorofa tano na wakala wa kumkusanyia ana maswali mengine. Humu "kodi" ni ile anayolipa mpangaji. Ya serikali tumeiita ushuru. Kiasi chochote tulichotanguliza kwa "tuseme" ni mfano wa hesabu, si bei ya soko.

Nianze na nyumba ya aina gani?

Kwa mtaji mdogo njia ni tatu. Ya kwanza ni nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna jiko, bafu na choo cha wote. Uzuri wake ni kwamba mpangaji mmoja akihama, watano wanaendelea kulipa. Ubaya wake uko hukohuko uani: foleni ya bafu, zamu ya kufagia, nani kamaliza maji. Ya pili ni vyumba vya kujitegemea, singo au bedsita zenye choo ndani. Mabomba na mashimo hula pesa wakati wa kujenga, lakini mwalimu, nesi au karani wa mahakama akishaingia hukaa miaka. Ya tatu ni nyumba ya wageni upande wa Casuarina au Silversand, ambayo hujaa kuanzia Desemba hadi Machi, ikajaa tena Agosti, na baada ya Pasaka ikabaki na mlinzi na popo.

Kwa anayeanza tunashauri vyumba vya watu wanaofanya kazi mjini mwaka mzima. Nyumba ya wageni ni kazi ya hoteli hata ikiwa na chumba kimoja: kuna mashuka ya kufua, pampu ya kuangalia, na simu za saa nane usiku.

Dalali anasema nyumba inarudisha asilimia 14 kwa mwaka. Nimwamini?

Hesabu yake huenda si uongo, ila haijamalizika. Tuseme nyumba ya vyumba sita inauzwa shilingi 2,500,000 na kila chumba kinalipa 5,000. Kwa mwezi ni 30,000, kwa mwaka 360,000, na 360,000 kwa 2,500,000 ni asilimia 14.4. Dalali huishia hapo.

Sasa endelea. Toa mwezi mmoja na nusu kwa vyumba vitupu na kodi isiyolipwa: 45,000, zinabaki 315,000. Ushuru wa serikali wa asilimia 7.5 juu ya hizo ni 23,625. Matengenezo, weka asilimia kumi ya kodi kamili: 36,000. Mtu wa kufagia na kuangalia maji, 3,000 kwa mwezi: 36,000. Taa za uani na maji ya pamoja, 1,500 kwa mwezi: 18,000. Leseni, bima na malipo ya kaunti, tuseme 12,000. Jumla ya matumizi ni 125,625, na mkononi unabaki na 189,375.

Upande wa pili, nyumba haikukugharimu 2,500,000 pekee. Ushuru wa stempu, wakili na mthamini, tuseme 180,000, na ukarabati wa kuanzia 200,000. Umetoa 2,880,000. Gawanya: asilimia 6.6.

Si mbaya, lakini mtu aliyekopa sako kwa asilimia moja kwa mwezi akitegemea ile 14.4 atakuwa analipa mkopo kwa mshahara wake, si kwa kodi. Ukiona hesabu isiyo na vyumba vitupu wala matengenezo, ifanye upya mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika mkono.

Nimepata nyumba kwa bei nafuu mno, lakini ni "nyumba bila ardhi". Ninunue?

Unaweza, mradi ujue unachonunua. Kwa mtindo huu wa Pwani, ardhi ni ya mtu mmoja, au ya ukoo, au ya wakfu, na nyumba iliyosimama juu yake ni ya mwingine anayelipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Bei iko chini kwa sababu unapata kuta, paa na ruhusa ya kukaa pale. Hati miliki hupati. Benki haitaipokea kama dhamana.

Matatizo hutokea kwa njia tatu. Mwenye ardhi anafariki na warithi wake hawakutambui. Au ardhi inauzwa pamoja na kila kilicho juu yake, na mnunuzi mpya anataka kiwanja kitupu. Au wewe unataka kubomoa udongo ujenge mawe, na mwenye ardhi anakataa, kwa sababu ruhusa ya zamani ilikuwa ya nyumba ya fito na makuti. Hili la mwisho ndilo linalowanasa wawekezaji wengi: wananunua kwa mpango wa kujenga, kumbe hawawezi kupandisha hata tofali moja bila idhini.

Kwa hiyo usikutane na muuzaji peke yake. Mtafute mwenye ardhi mwenyewe, si msimamizi wa kukusanya tu, na utafute rekodi ya ardhi hiyo kwenye rejista uhakikishe jina ni lake. Omba risiti za kodi ya ardhi, maana deni la muuzaji litakufuata wewe. Kisha wakili aandike mkataba wa watu watatu: muuzaji, wewe na mwenye ardhi. Ndani yake iandikwe kodi ya ardhi ni kiasi gani na itapandishwaje, unaruhusiwa kujenga kwa vifaa gani na kufikia urefu gani, nani anapewa nafasi ya kwanza ardhi ikiuzwa, na fidia ya nyumba italipwaje ukitakiwa kuondoka. Ardhi ikiwa ya wakfu, maelewano ya msikitini hayatoshi. Nenda ofisi ya Tume ya Wakfu.

Bei je? Sisi tusingelipa zaidi ya kodi safi ya miaka mitano. Nyumba inayobakisha 100,000 kwa mwaka baada ya matumizi yote, tusingeivuka 500,000, hata ikiwa imepakwa rangi ya jana.

Na yenye hati, nichunguze nini?

Anza na utafutaji rasmi kwenye rejista ya ardhi kwa namba ya kiwanja, uufanye wewe au wakili wako, si kwa karatasi aliyokuja nayo muuzaji. Angalia jina, ukubwa, na kama kuna rehani au zuio. Halafu mchukue mpima ardhi mkatafute mawe ya mipaka. Malindi kuna kuta zilizoingia kwenye njia na mashimo ya choo yaliyoingia kwa jirani, na mambo hayo hayaonekani kwenye hati. Uliza kaunti kama malipo ya ardhi yamelipwa. Bila cheti cha kutodaiwa, uhamisho haupiti. Kiwanja kikiwa cha ukodishaji, hesabu miaka iliyobaki.

Nyumba ya urithi ichunguze mara mbili. Kaka mkubwa mwenye funguo si mwenye nyumba. Mpaka mirathi ipite mahakamani, na kwa Waislamu mara nyingi ni Mahakama ya Kadhi, hakuna mrithi mwenye haki ya kukuuzia. Dada aliyeolewa Mombasa ana fungu lake, naye atarudi kulidai. Na kama ni nyumba ya ndoa, idhini ya mke au mume iwe kwa maandishi.

Gharama za kununua ni zipi?

Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Thamani hiyo ni ile ya mthamini wa serikali, na inaweza kuzidi bei mliyokubaliana. Ongeza wakili, utafutaji, mpima na usajili. Ushuru wa faida ya mauzo, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, ni wa muuzaji. Akitaka kukubebesha, punguza bei. Kawaida hutolewa asilimia 10 kwanza, na pesa zipite kwenye akaunti ya wakili. Shamba lenye hati ya kilimo linahitaji pia kibali cha bodi ya ardhi.

Mimi si raia wa Kenya. Naweza kumiliki?

Kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, ndiyo. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 hakimruhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja, na kumwandikisha rafiki au mchumba Mkenya jina lake ni kumpa nyumba. Asiye mkaazi kwa hesabu za ushuru hukatwa asilimia 30 ya kodi yote, wala si 7.5.

Maji: tangi la ukubwa gani?

Maji ya mji huletwa na kampuni ya maji ya Malindi kutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na safari hiyo ina mabomba ya kupasuka na umeme wa kukatika. Mfereji ukikauka siku tatu, mpangaji hapigi simu kampuni ya maji, anakupigia wewe.

Kadiria lita 60 kwa mtu kwa siku. Vyumba sita vyenye watu wawili wawili ni watu 12, yaani lita 720 kwa siku, na kwa siku tatu lita 2,160. Kwa hiyo tangi la lita 2,500 ndilo la chini kabisa, na la 5,000 ukiweza. Kumbuka uzito: lita 1,000 ni tani moja. Tangi la 5,000 likijaa ni tani tano, na nguzo za mbao au ukuta wa bafu haziwezi kulibeba. Jenga jukwaa la zege lenye msingi wake, au liweke chini ardhini kwenye zege na upandishe maji kwa pampu hadi tangi dogo la juu.

Mvua usiidharau. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, na Malindi hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mabati la mita za mraba 100, ukitoa inayopotea, linakupa kama lita 80,000. Nyingi huja masika, Aprili hadi Juni, na kulijaza tangi mara nyingi ni afadhali kuliko kununua maji ya bowza. Paa la makuti halifai kwa hili; maji yake ni rangi ya chai.

Kisima? Vingi vya karibu na bahari ni vya maji ya chumvichumvi. Yanafaa kwa choo na kufulia, lakini yanakula mifereji ya chuma na pampu. Weka mabomba ya plastiki, na tenganisha laini mbili tangu mwanzo, maana kutenganisha baadaye ni kuvunja vigae.

Mita moja ya umeme kwa nyumba nzima inatosha?

Inawasha taa, lakini inaleta gharama na ugomvi. Bei ya umeme wa nyumbani imepangwa kwa madaraja: hadi uniti 30 kwa mwezi, 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Mpangaji mmoja mwenye taa, simu na feni angebaki daraja la chini au la kati. Sita wakiunganishwa mita moja wanaruka mpaka la juu, na kila mmoja analipa bei ya mtu mwenye friji tatu. Mita ndogo za ndani zinaonyesha nani katumia nini, ila hazishushi bei ya tokeni.

Omba mita ya kila mlango kutoka kampuni ya umeme ikiwezekana. Utahitaji kitambulisho, namba ya PIN ya ushuru na cheti cha fundi umeme mwenye leseni. Ikibidi mita moja, nunua tokeni, gawanya jumla ya pesa kwa jumla ya uniti, na mtoze kila mtu bei hiyohiyo, huku karatasi ya hesabu ikibandikwa ukumbini. Na weka swichi kuu inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Kwenye nyumba zenye unyevu wa chumvi ukutani, swichi hiyo huokoa watu.

Shawa ya umeme kwa joto la Malindi ni anasa. Ukiiweka, iwe ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, na waya wake wa milimita za mraba 6 uende peke yake hadi kwenye sanduku la swichi. Shawa ya kawaida kwenye maji ya kisima hupiga shoti.

Choo kijengwe vipi?

Kwa kuwa hakuna bomba kuu la maji taka la kuunganisha, ni tangi la septiki na shimo la kunyonya. Kwa watu 12, tangi la lita 3,000 hadi 4,000 lenye vyumba viwili, mfuniko wa zege, na bomba la kupitisha hewa. Liwe mahali gari la kunyonya litafikisha mpira wake, si katikati ya uani nyuma ya vyumba vyote. Lipimwe kila mwaka kwa fimbo: tope likifika theluthi ya kina, ita gari.

Umbali na kisima uwe mita 30, wako na wa jirani. Mwamba wa matumbawe una mianya, na maji machafu hupenya humo bila kuchujwa kama yanavyochujwa na mchanga. Kiwanja cha 50 kwa 50 futi hakina mita 30 upande wowote, kwa hiyo chagua moja: kisima au septiki. Shimo likifurika kila Mei na kutulia Agosti, tatizo ni maji ya ardhini yaliyopanda. Kulichimba zaidi chini kunaongeza tatizo. Lipanue kwa upana.

Kuta zinatoa unga mweupe na rangi inabanduka. Kwa nini?

Ni chumvi. Inaingia kwa njia mbili: mchanga wa pwani uliochanganywa kwenye lipu, na unyevu unaopanda kutoka chini pale ambapo msingi haukuwekewa karatasi ya kuzuia maji. Maji yanakauka, chumvi inabaki na kusukuma rangi.

Watu hukosea kwa kuiosha kwa maji na kupaka rangi ya mafuta juu yake. Maji yanairudisha ndani, mafuta yanaifungia, na msimu unaofuata inabanduka kwa vipande vikubwa zaidi. Isugue ikiwa kavu kwa brashi ngumu, ifagie, itoe nje. Tafuta maji yanatoka wapi: bomba linalovuja, bati lisilo na mfereji linalomwaga ukutani, udongo wa nje uliopanda juu ya msingi. Bandua lipu iliyooza hadi kwenye jiwe, acha ukuta ukauke miezi ya kaskazi, Januari au Februari, kisha piga lipu mpya kwa mchanga wa mtoni na upake chokaa au rangi ya maji inayopumua. Fundi atakayetaka kuifanya Mei, mwambie asubiri.

Unapojenga upya, mchanga wa ufukweni usiuguse. Onja kidogo ule ulioletwa. Ukiwa na chumvi, lori lirudi nao. Chumvi hiyo ndani ya zege hufikia nondo, nondo inavimba kwa kutu na kupasua boriti. Acha zege milimita 40 kati ya nondo na nje, na 50 nyumba ikitazama bahari. Simama hapo siku ya kumwaga uangalie: nondo zikilala juu ya mbao za fomu bila vipande vya zege vya kuziinua, zege la chini litakuwa jembamba kama kucha.

Mabati au makuti?

Mabati kwa vyumba vya wapangaji. Namba ya geji ikishuka, bati ni nene: geji 28 ni nene kuliko 30. Karibu na bahari chagua yenye mchanganyiko wa alumini na zinki, na parafujo zenye raba. Kutu huanzia kwenye tundu la msumari na ukingo uliokatwa. Joto la bati ni kali, hivyo dari na madirisha yanayokabiliana si mapambo.

Makuti yana ubaridi na wageni wanayapenda, lakini yanataka mwinamo mkali, kama digrii 45, na kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Moto ndio kikwazo kikubwa. Cheche ya jirani inatosha, na paa hupita kwa dakika. Usiwaweke wapangaji wa majiko ya makaa chini yake.

Mpangaji nimchague vipi?

Kitambulisho, simu ya mwenye nyumba aliyetangulia, na mahali anapofanya kazi. Kisha muulize swali ambalo Malindi lina uzito kuliko mshahara wake: "Mei na Juni huwa unalipwa?" Mhudumu wa hoteli, dereva wa tuktuk na muuza vinyago wanaweza kuwa wapangaji waaminifu kabisa, ila kalenda yao si ya mwalimu. Kujua mapema kunakuwezesha kuchanganya: usijaze vyumba vyote sita kwa watu wa hoteli moja.

Amana ya mwezi mmoja ni desturi. Iweke kando, usiile. Ni pesa ya mtu. Kodi ilipwe kwa M-Pesa au benki ili ibaki rekodi, na bado andika risiti. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mkataba uandikwe nini?

Uwe wa Kiswahili, nakala mbili, na kila ukurasa utiwe saini. Majina na namba za vitambulisho, chumba gani, kodi kiasi gani na mwisho tarehe ngapi, amana na sababu za kuikata, idadi ya watu, nani analipa maji, taa na kutapisha choo, notisi ya mwezi mmoja kwa kila upande. Ambatisha orodha ya vitu na hali yake: kitasa, vioo, balbu, koki, rangi, pamoja na picha zenye tarehe. Ugomvi wa amana karibu wote huishia kwenye picha hizo.

Usipoandika muda, sheria ya ardhi ya 2012 huufanya upangaji kuwa wa mwezi hadi mwezi, na notisi ni mwezi mmoja. Ukitaka kupandisha kodi, toa notisi Oktoba, kazi zinapofunguka. Ukiitoa Mei utabaki na chumba kitupu.

Msimu umeanguka na wapangaji wawili hawajalipa. Nifanye nini?

Kwanza tofautisha asiye nacho na asiyetaka. Asiye nacho anakuja mwenyewe kabla ya tarehe. Kwa huyo andikeni mpango: tuseme kodi ni 6,000, Aprili, Mei na Juni alipe 3,000, deni linakuwa 9,000, kuanzia Julai hadi Desemba aongeze 1,500 kila mwezi, deni limekwisha. Watie saini wote wawili. Mpangaji mzuri aliyebanwa miezi mitatu ni nafuu kuliko chumba kitupu hadi Septemba.

Asiyetaka, mpe barua ya deni mwezi wa kwanza, si wa nne. Akiba ya kodi ya miezi miwili iwe benki daima, kwa sababu mkopo wako haujui kusi wala kaskazi.

Naweza kumfungia mlango au kung'oa bati?

Hapana. Kufunga mlango, kukata maji, kutoa paa au kutupa vyombo nje kunakugeuza wewe kuwa mshtakiwa, na deni lake likageuka fidia yako. Kama upangaji umevunjwa, toa notisi ya maandishi, kisha nenda mahakamani, au kwenye baraza la kodi za nyumba ikiwa kodi haizidi 2,500 kwa mwezi, maana hizo zinalindwa na sheria yake. Kukamata mali kwa deni la kodi hufanywa na dalali wa mahakama mwenye leseni, anayeorodhesha vitu na kumpa mpangaji siku 14 kulipa kabla ya mnada.

Chumba cha mbele nimekifanya duka. Kuna tofauti?

Kubwa. Duka, hoteli au mkahawa wenye mkataba wa mdomo, au wa maandishi usiozidi miaka mitano, ni upangaji unaolindwa. Huwezi kupandisha kodi wala kumtoa bila notisi ya miezi miwili kwenye fomu maalumu, na mpangaji anaweza kuipeleka kwenye baraza la kodi za biashara. Barua ya kawaida, hata ikiandikwa na wakili, si notisi. Wenye nyumba wengi wameshindwa kwa karatasi hiyo pekee, ilhali madai yao yalikuwa ya haki. Zaidi ya hapo, kodi ya duka haiingii kwenye ushuru wa asilimia 7.5, inatangazwa na mapato mengine ya mwaka.

Ushuru wa kodi ya nyumba unalipwaje?

Kama kodi ya nyumba za kuishi inazidi 288,000 kwa mwaka na haizidi milioni 15, ni asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea, tangu Januari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 10. Matumizi hayakatwi. Sajili jukumu hilo kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya ushuru, peleka ritani na ulipe kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi usiopokea kitu, peleka ritani ya sifuri. Kuchelewa kulipa ni adhabu ya asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Chini ya 288,000 ushuru huo haukuhusu, ila mapato yanatajwa kwenye ritani ya mwaka, mwisho Juni 30. Ambaye matengenezo au riba ya mkopo inameza kodi yake anaweza kumwandikia kamishna wa ushuru ahamie utaratibu wa kawaida, ambapo matumizi hukatwa. Mwaka wa kubadilisha paa, fanya hesabu zote mbili.

Niweke chumba kimoja kwenye Airbnb?

Utahitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii na kibali cha biashara cha kaunti. Chumba kiwe na mlango wake wa nje. Mgeni wa usiku mmoja na mpangaji wa miaka miwili hawagawani bafu kwa amani.

Ushauri huu unafaa Lamu?

Ya maji, chumvi na ushuru, ndiyo. Lakini Mji Mkongwe wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na ukarabati wa nyumba za mawe unahitaji idhini kupitia Makumbusho ya Taifa: huwezi kuongeza ghorofa wala kubadilisha mlango upendavyo. Saruji na mchanga hufika kwa mashua kisha kwa punda, kwa hiyo ongeza usafirishaji kwenye kila mfuko. Na paa la zamani la boriti na chokaa usilibebeshe tangi, liweke chini.

Chumba kikiachwa, nikifanye nini kabla ya kukipangisha tena?

Kagua na mpangaji akiwepo, picha za kuingia mkononi, na mrudishie amana au mwonyeshe risiti ya kilichokatwa. Badilisha kitasa au silinda yake. Fungua koki zote, kisha zifunge na uangalie mita ya maji: ikizunguka zikiwa zimefungwa, ni dalili ya kuvuja. Pima mchwa kwa kugonga fremu za milango chini. Ikilia tupu, imeliwa. Safisha mfereji wa paa. Paka chokaa. Siku tatu zatosha, na fundi akisema wiki mbili, anafanya kwa mtu mwingine katikati.